Chombo Kinapopanda Mwamba: Istilahi za Kiswahili katika Kutathmini na Kurejesha Matumbawe Yaliyoharibiwa na Meli

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohitajika kueleza madhara yanayoifika miamba ya matumbawe pindi meli inapokwama juu yake, pamoja na hatua za kuyatathmini na kuyarekebisha madhara hayo. Mifano imetolewa katika msamiati wa ubaharia na uvuvi wa pwani, katika ajali mahususi za meli, na katika mikataba ya kimataifa iliyopewa jina la jiji la Nairobi. Inajadiliwa kwamba Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno kuhusu ajali yenyewe, ila humtazama kiumbe aliyeharibiwa kama jiwe. Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Ina uzito wake pale fidia inapodaiwa.

Utangulizi

Nairobi haina bahari. Imekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na atokaye Mombasa husafiri takriban kilomita 480 kabla ya kuyaona majengo ya katikati ya jiji. Hata hivyo, mikataba miwili ya bahari inaitwa kwa jina lake. Wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1985 na ukaanza kutumika mwaka 1996. Huo unahusu kulinda, kusimamia na kuendeleza mazingira ya pwani na bahari katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na wanachama wake ni mataifa 10 kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa. Sekretarieti yake iko Gigiri, katika makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Wa pili ulipitishwa papo hapo Gigiri, katika mkutano wa kidiplomasia wa tarehe 14 hadi 18 Mei 2007, na ukaanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Huu unahusu kuondolewa kwa meli zilizozama au kukwama. Mtu akisema "Mkataba wa Nairobi" bila kufafanua, msikilizaji hana njia ya kujua ni upi.

Utata huo wa jina ni mdogo ukilinganishwa na ule ulio ndani ya maandiko yenyewe. Mkataba wa mwaka 2007 una matini rasmi katika lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Kwa hiyo wavuvi wa Wasini, Kipini au Kizimkazi, ambao ndio wa kwanza kuiona meli ikikwama mbele ya vijiji vyao, hukutana na sheria hiyo kupitia tafsiri, na mara nyingi tafsiri ya papo kwa papo. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Nairobi, ambao wengi wao wamekulia bara na kuisoma bahari vitabuni, ndio watakaoajiriwa kesho kuwa wakalimani na wafasiri hao. Suala la maneno gani yatumike ni lao.

Kupanda, kupwelewa na kukwama

Kwa mzungumzaji wa bara, sentensi "meli imepanda mwamba" huenda ikaleta kicheko. Meli hupandaje kama mbuzi? Lakini kwa mabaharia wa pwani hiyo ndiyo lugha ya kawaida: chombo hupanda mwamba, hupanda fungu, au husemwa tu kwamba kimepanda, na msikilizaji akaelewa kuwa mkuku umekwisha kugusa chini. Kitenzi hiki hubeba dhana ya mwendo. Chombo kilikuwa kikienda, kikakutana na mwamba, kikaupanda kwa nguvu za mwendo wake.

Kupwelewa ni jambo jingine. Neno hili limetokana na kitenzi pwa, yaani maji kurudi nyuma, likapitia kauli ya kutendea, pwelea, hadi kauli ya kutendwa, pwelewa. Chombo kilichopwelewa ni kile ambacho maji yamekipungukia kikabaki kimekaa. Si lazima kiwe kimegonga kitu kwa kishindo. Kutokana na hali hiyo, kitenzi kikapata maana ya kitashtiti ya mtu aliyekosa la kufanya. Mfano wa zamani na ulio maarufu ni wa merikebu ya Wareno, São Rafael, mojawapo ya zile za Vasco da Gama. Mnamo Aprili 1498 iligusa mafungu karibu na Mtangata, kusini mwa Tanga, maji yakapwa, ikabaki kavu. Yalipojaa ikaelea tena na kuendelea na safari. Mwaka uliofuata, mabaharia wakiwa wamepungua kwa maradhi na vifo, Wareno waliichoma moto papo hapo penye mafungu hayo. Msimulizi wa Kiswahili angeweza kusema kwamba merikebu ile ilipanda, ikapwelewa, ikaeleka, na maneno hayo matatu yangekuwa taarifa kamili.

Kukwama, neno ambalo magazeti hulipendelea, hueleza matokeo tu. Halisemi chombo kilifikaje pale wala kitatokaje. Kwa mtathmini wa madhara, upungufu huu ni mkubwa. Chombo kilichopwelewa wakati wa maji ya kawaida huweza kuelea saa chache baadaye na kuacha alama ndogo. Chombo kilichopanda kileleni mwa bamvua, wakati maji yamejaa kupita kiasi, huenda kikalazimika kungoja bamvua jingine takriban majuma mawili baadaye. Katika muda huo wote, kila maji yanapojaa hukiinua kidogo na kila mawimbi yanapopita hukibwaga tena, nacho husaga kilicho chini yake kama mchi ndani ya kinu. Maneno bamvua na maji mafu, ambayo baadhi ya wanafunzi huyahesabu kuwa ya ushairi, hapa ni data ya kisayansi.

Kinachotokea chini ya mkuku

Tarehe 25 Julai 2020 meli ya mizigo Wakashio, yenye urefu wa takriban mita 300, ilipanda mwamba wa matumbawe mbele ya Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa Mauritius. Haikuwa na shehena, bali mafuta yake ya kuendeshea, takriban tani 4,000. Ilikaa pale nzima kwa siku 12. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kuvuja, na takriban tani 1,000 zikaingia baharini. Katikati ya mwezi huo ikakatika vipande viwili. Cha mbele kikavutwa hadi kilindini na kuzamishwa tarehe 24 Agosti. Mauritius ni mwanachama wa mkataba ule wa mwaka 1985, kwa hiyo ajali hii ni ya nyumbani.

Picha zilizoenea ulimwenguni zilikuwa za mafuta meusi na za wananchi wakishona vizuizi kwa majani ya miwa. Si ajabu, mafuta huonekana. Lakini hata pale ambapo hakuna tone la mafuta linalomwagika, mwamba huumia kwa namna mbalimbali, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila namna. Mkuku hukwangua uso wa mwamba. Uzito wa meli huponda matumbawe yenye matawi na kupasua yale makubwa ya mviringo. Rafadha inayozungushwa kwa nguvu ili kuinasua meli hutifua mchanga na kufukia matumbawe yaliyo mbali na meli yenyewe. Minyororo na kamba za meli za kuvuta hung'oa. Rangi ya chini ya meli, inayotiwa sumu ili viumbe visijishike, hubaki imepakwa kwenye mwamba na kuendelea kuua. Hali ya mwisho ilidhihirika nchini Australia, ambako meli ya makaa ya mawe Shen Neng 1 ilipanda Douglas Shoal tarehe 3 Aprili 2010 na kusukumwa huku na huku kwa siku kadhaa, ikaacha eneo lililoharibiwa la takriban kilomita za mraba 0.4. Shauri lilimalizika mwaka 2016 kwa malipo ya dola za Australia milioni 39.3.

Kazi ya mtathmini huanza kwa kuchora ramani ya jeraha. Wapiga mbizi hutandaza kamba za kupimia, huweka fremu za mraba, hupiga picha, na kuhesabu: kiasi gani kimepondwa kabisa, kiasi gani kimeng'oka lakini kingali hai, kiasi gani kimefukiwa. Kisha hupima eneo jirani lisiloguswa, lenye kina na aina zilezile za matumbawe, ili liwe mizani. Haraka inahitajika, kwani tumbawe lililopinduliwa na kulala mchangani hufa lisipoinuliwa mapema, na vifusi visipotulizwa hubingirishwa na mawimbi na kuendelea kuvunja yaliyosalia.

Hapa yafaa litazamwe neno kovu, ambalo huwajia wafasiri kwa wepesi wanapotaka kuita alama iliyoachwa na meli. Katika Kiswahili kovu ni alama ya jeraha lililokwisha kupona. Mwenye kovu hahitaji tabibu. Ripoti itakayosema kwamba meli imeacha "kovu la mita 200" itakuwa imemsaidia mwenye meli bila kukusudia. Jeraha ndilo neno linalofaa katika miaka ya kwanza, na kwa sehemu iliyoburuzwa tu, mkwaruzo.

Jiwe au mnyama?

Sayansi haina shaka kwamba tumbawe ni mnyama, au kwa usahihi zaidi, ni jumuiya ya wanyama wadogo sana waitwao polipu, wanaojijengea nyumba ya chokaa na kuishi pamoja na mwani mdogo ndani ya miili yao. Sarufi ya Kiswahili kwa kawaida huwapa wanyama upatanisho wa kiumbe hai hata pale umbo la nomino linapokuwa la ngeli nyingine: kipepeo ameruka, chaza amefunguka, kifaru amelala. Tumbawe halikupewa heshima hiyo. Husemwa tumbawe limevunjika, matumbawe yamekufa. Mwamba nao ni wa ngeli ya U-I, sawa na mti na mlima, tena hutumika kwa mwamba ulio hai na kwa jabali tupu lisilo na uhai wowote.

Chanzo cha mtazamo huu hakiko mbali. Waswahili walilijua tumbawe kwa mikono yao kama kifaa cha ujenzi. Nyumba za Lamu na Pate, misikiti ya Gedi na Kilwa, vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma. Kwa kazi za nakshi, kama vile mihirabu, lilichukuliwa tumbawe kutoka majini lingali laini, likachongwa, likawa gumu lilipokauka. Jamii iliyolichonga tumbawe kwa karne nyingi haikuwa na sababu ya kulipa kiambishi cha a-. Wala haifai kudhani kwamba haikujua lina uhai. Mvuvi hujua vyema kwamba penye mwamba mzima pana samaki, na penye mwamba uliokufa pana miani. Ujuzi huo umo katika mazoea ya uvuvi, ila haumo katika viambishi.

Je, wanafunzi wa Kiswahili waanze kuandika "matumbawe wamekufa"? Pendekezo hilo halina mashiko. Upatanisho hautungwi kwa azimio, na msomaji wa pwani angeliona kuwa kosa la mtu wa bara. Njia nyepesi ni kulitenga neno tumbawe kwa kiumbe na jiwe la tumbawe kwa kifaa cha ujenzi, na kutoliacha neno mwamba litembee peke yake katika ripoti yoyote ya madhara. "Mwamba umevunjika" ni taarifa kuhusu jiwe. "Matumbawe hai yamepondwa" ni taarifa kuhusu vifo.

Suala hili huzidi uzito kwa sababu ya hali ya miamba yenyewe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda na matumbawe ya Kenya yakapauka. Sehemu kubwa yalikufa. Upaukaji umerudi mara kadhaa tangu hapo, likiwemo wimbi la ulimwengu mzima la mwaka 2024. Wakili wa kampuni ya meli anaweza basi kuuliza: mteja wangu ameua nini, ikiwa mwamba ulikuwa umekufa tayari? Jibu la pekee ni kumbukumbu ya hali ya awali, iliyoandikwa kabla ya ajali, inayotenganisha kilichopauka, kilichokufa na kilicho hai. Kupauka si kufa. Tumbawe lililopauka huweza kupona joto likipungua. Maneno haya mawili yakichanganywa, hoja ya wakili hushinda.

Kukarabati, kurejesha, kupandikiza

Anayeliona tumbawe kama jiwe husema mwamba "unakarabatiwa", kama jengo. Na kwa kweli ipo hatua moja ya kazi hii inayostahili neno hilo: nyufa huzibwa, mawe makubwa yaliyong'oka hugandishwa kwa saruji, vifusi hutulizwa au kuondolewa ili viluwiluwi vya matumbawe vipate pahali pagumu pa kujishika. Baada ya hapo kazi hubadilika tabia. Vipande vilivyo hai hukusanywa, hutunzwa katika vitalu chini ya maji, kisha huhamishiwa mwambani. Huku Wasini na Mkwiro, katika Kaunti ya Kwale, wanavijiji na wataalamu wamekuwa wakiifanya kazi ya vitalu kwa ajili ya miamba iliyodhoofishwa na joto na uvuvi. Wenzao wa Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, walianza mapema zaidi kwa kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe.

Kazi hiyo huitwa kupanda matumbawe. Hapa lugha inajikuta mtegoni: meli ilipanda matumbawe, na sasa watu wanapanda matumbawe. Vitenzi hivi viwili ni homonimia, na muktadha kwa kawaida hutosha kuvitenganisha. Lakini katika hati ya kisheria iliyo na sentensi kama "gharama iliyotokana na kupanda matumbawe", muktadha hautoshi, kwa sababu gharama zote mbili zimo katika hati hiyohiyo. Kitenzi kupandikiza kinaondoa tatizo. Tayari kinatumika kwa miche inayotolewa kitaluni na kwa viungo vya mwili vinavyohamishwa na madaktari, na kipande kinachohamishwa kingeitwa kipandikizi bila kumshangaza yeyote.

Matokeo ya kazi hii hayaji upesi. Matumbawe ya matawi huweza kukua sentimita kadhaa kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita moja au pungufu. Tumbawe la kimo cha mtu mzima limechukua zaidi ya karne. Huko Florida, meli Wellwood ilipanda mwamba wa Molasses mwaka 1984, na urejeshaji wa umbo la mwamba ulifanywa mwaka 2002. Ndiyo maana tathmini za kisasa hazihesabu gharama ya saruji na wapiga mbizi tu, bali pia manufaa yaliyopotea kati ya siku ya ajali na siku ya kupona: samaki wasiovuliwa, watalii wasiokuja, ufuo uliobaki bila kinga ya mawimbi. Nchini Ufilipino, manowari ya Marekani iitwayo Guardian ilipoharibu mita za mraba 2,345 za mwamba wa Tubbataha mnamo Januari 2013, fidia ililipwa kwa hesabu ya kila mita ya mraba.

Kutoka Gigiri hadi Milimani

Mkataba wa mwaka 2007 hutafsiriwa mara nyingi kuwa unahusu "mabaki ya meli". Tafsiri hii ina kasoro. Katika Kiswahili mabaki ni yaliyosalia baada ya kitu kwisha. Mkataba wenyewe, hata hivyo, unajumuisha meli iliyokwama ikiwa nzima, na hata ile inayoelekea kukwama endapo hakuna hatua ya kuiokoa inayochukuliwa. Kwa siku 12 za mwanzo, Wakashio haikuwa na mabaki yoyote kwa maana ya kawaida ya neno. Ilikuwa meli nzima juu ya mwamba. Na hizo ndizo siku ambazo hatua zingeleta tofauti. Afisa anayeisoma sheria kwa Kiswahili angeweza kudhani kwamba hana mamlaka mpaka meli ivunjike. "Chombo kilichopanda au kuzama" ni maneno marefu zaidi, lakini ni ya kweli.

Ipo kasoro nyingine isiyo ya tafsiri. Mkataba huo kimsingi unatumika katika ukanda wa kiuchumi wa bahari, nje ya bahari ya taifa, isipokuwa taifa litoe taarifa ya kuupanua. Miamba mingi ya Kenya iko karibu na ufuo, ndani kabisa ya bahari ya taifa. Aidha, mkataba unamtaka mwenye meli aiondoe, na meli za tani 300 na zaidi zinatakiwa ziwe na bima kwa ajili hiyo. Kuurejesha mwamba ni dai jingine. Mdai hapa nchini hulazimika kutegemea Katiba ya mwaka 2010, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi, pamoja na sheria ya mazingira ya mwaka 1999.

Madai ya namna hiyo si ndoto. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kutokana na madhara ya ujenzi wa bandari mpya, ukiwemo uchimbaji wa sakafu ya bahari. Haikuwa ajali ya meli, lakini hoja zilikuwa zilezile: nani alivua wapi, mwamba ulikuwaje, na umekuwaje. Kesi za aina hii zikipanda ngazi huja Nairobi. Na ingawa Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, sheria ya mashauri ya madai husema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Kiswahili ni cha mahakama za chini. Ushahidi wa mvuvi hupita kinywani mwa mkalimani.

Itazamwe sentensi ifuatayo, iliyobuniwa kwa ajili ya mjadala huu: "Chombo kilipanda kwenye bamvua la mwezi mpevu wa mfunguo tatu, kikakaa juu ya kipwa hadi maji mafu, matumbawe ya upande wa kusini yamepondwa, ya kaskazini yamefukiwa." Ndani yake imo tarehe, kwa kukisia siku moja au mbili. Kuna kimo cha maji, kinachoonyesha kwa nini chombo hakikuweza kuelea chenyewe, na muda wa takriban juma moja kilipokuwa kikisaga. Neno kipwa linataja mahali panapoonekana maji yakipwa, hivyo mpiga mbizi ajue kina. Kuponda na kufukia zinatenga kazi ya mkuku na kazi ya rafadha, na kila moja ina tiba yake na bei yake. Mkalimani asiyelijua bamvua, aliyedhani kipwa ni jina la kisiwa, atamwambia hakimu kwamba meli iligonga mawe wakati wa mbalamwezi, na hayo ndiyo yatakayoandikwa katika kumbukumbu za mahakama.